Mrejesho: lile suala la bonde lilozikwa ardhini
Asalaam aleikum, mie ndo yule wa Makunduchi nilouliza vipi watu wanachora ramani ya bonde la mto wakati juu ardhi tambarare tu. Nshafahamu, ahsanteni sana. Kumbe kule Ohio, Marekani, barafu kubwa ya zamani iliuziba mto Teays, bonde likajaa udongo, mchanga na kokoto, na wachora ramani wanakusanya rekodi za visima, kila kisima mwamba umekutwa futi ngapi, pale mwamba ulipo chini zaidi ndo bonde lilipo, halafu wanapitisha umeme ardhini maana udongo wa mfinyanzi unapitisha umeme kuliko kokoto, na kokoto ndo zenye maji, mji wa Champaign kule Illinois unakunywa maji ya bonde kama hilo. Kwetu barafu haikufika, mawe ya matumbawe tu, lakini ami yangu ni mchimba visima, kina cha kila kisima anacho kichwani, jana nshaanza kumwandikia daftarini.