Shtaka la ugaidi likifutwa, nani anajibu kwa miaka ya mahabusu?

Mkazi wa Ilala
Ndugu zangu, naomba wenye ujuzi wa sheria wanisaidie jambo linalonisumbua tangu Machi 2022, pale Mkurugenzi wa Mashtaka alipoieleza Mahakama Kuu ya Tanzania kwamba hana nia ya kuendelea na kesi ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa Mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, na wenzake watatu. Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 2021, alikokwenda kwa ajili ya kongamano la Katiba mpya, akakaa mahabusu zaidi ya miezi saba. Mwezi mmoja kabla hajakamatwa, masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, nao wakishtakiwa kwa ugaidi, walikuwa wameachiwa kwa njia hiyohiyo, baada ya takriban miaka saba tangu washtakiwe, bila kesi yao kufikia hukumu. Miaka saba ni mtoto kuingia darasa la kwanza na kumaliza shule ya msingi baba yake hayupo. Je, mtu wa namna hiyo ana haki gani anapotoka, na ni kiongozi gani anayewajibika kwake?

Wakili, Arusha
Ndugu yangu, jibu la kisheria ni chungu. Mkurugenzi anapoondoa mashtaka kwa kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, halazimiki kutaja sababu, na mshtakiwa anaachiwa tu. Hiyo si hukumu kwamba hana hatia, na anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Anaweza kufungua madai kwamba alishtakiwa kwa nia mbaya, lakini mzigo wa kuthibitisha nia hiyo ni wake. Katika shauri la Mbowe, kwa mfano, jaji alikwishaamua Februari 2022 kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu, yaani ushahidi uliotolewa ulitosha kuwataka wajitetee, na upande wa Serikali ungeushika uamuzi huo kama ngao.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko mwanzoni. Kifungu cha 148(5) kinanyima dhamana katika makosa ya ugaidi, sawa na mauaji na uhaini. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Matokeo yake, anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua kama mtuhumiwa atalala kwake au gerezani, kwa sababu neno "ugaidi" likishaandikwa, hakimu hana la kupima tena.

Mzee wa Kibiti
Wanangu, msisahau kwa nini sheria ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2002 ilitungwa. Bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 11 Dar es Salaam. Na huku kwetu, mwaka 2017, viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na mwezi Aprili askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Tulikuwa tukifunga milango kabla ya magharibi. Mimi naitaka sheria kali. Lakini nikiona neno lilelile linatumika katika kesi ya kiongozi wa siasa, kisha kesi inafutwa bila maelezo, nauliza: mwanakijiji aliyeombwa kutoa habari za wauaji ataliamini vipi neno hilo safari nyingine?

Msomaji wa Mombasa
Shikamoo, mzee. Kwetu Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito, na sababu hizo hupimwa na mahakama. Hilo halikutuponya kabisa. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yaliwekwa katika orodha ya watuhumiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Walikwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Novemba mwaka huo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Waliokoka kwa sababu kulikuwa na jaji mwenye mamlaka ya kuiuliza Serikali: ushahidi wenu uko wapi?

Mkazi wa Ilala
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Wakili, nimesoma kwamba mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yakaachwa nje. Kama ndivyo, waliobaki bila kinga ni walewale wasio na dhamana. Nitamwandikia mbunge wetu aulize bungeni kwa nini upelelezi wa kesi za ugaidi hauwekewi ukomo wa muda. Ukipata nafasi, naomba unisaidie kuliweka swali hilo katika lugha ya kisheria.