Tiara ya Kijapani ya pembe sita inazunguka na kudondoka, nakosea wapi?

MamaNasri: Habari zenu wakuu. Nipo Saitama, Japani, mwaka wa tatu sasa, mwanangu yuko darasa la pili, na huku mwaka mpya ukiingia watoto wanarusha tiara, basi kaja nyumbani anataka yetu tutengeneze wenyewe siyo ile ya nailoni ya dukani. Mimi nimekulia Tanga, tiara za njiti za makuti nimetengeneza sana nikajua hii itakuwa kitu kidogo. Tumechagua ile wanayoita rokkaku, ya pembe sita, mianzi mitatu tu, mmoja umesimama na miwili imelala. Urefu sm 100, upana sm 80, miwili iliyolala ipo sm 25 kutoka juu na sm 25 kutoka chini. Karatasi ni ile ya shoji, ile milango ya Kijapani ya karatasi, gundi uji wa ngano. Mianzi ni vile vijiti vya kusimamishia nyanya bustanini. Mtoto kachora uso wa simba mzuri kweli. Tumeenda mtoni upepo upo, inapanda mita tatu nne hivi inaanza kuzunguka upande wa kulia inapiga kichwa chini. Mara sita. Mtoto kanyamaza njia nzima kurudi na hicho ndo kimeniuma. Niweke mkia?

Baharia wa Raskazone: Dada weka mkia, vitambaa vyembamba kama mita mbili, itatulia tu. Sisi wote tumekua na mkia.

KakaSele_Niigata: Pole dada, na mpe pole Nasri. Mkia utasaidia ila kwenye rokkaku ni kuficha tatizo, ile tiara kiasili haina mkia kabisa na inasimama angani imetulia kama imepigwa msumari. Mimi naishi karibu na mji wa Sanjo ambako ndiko inakojulikana sana, kila Juni wanazipiganisha kule, wanakatana nyuzi na kuangushana, sasa ungekuwa na mkia ungenasa kila mtu. (Halafu tiara kwa Kijapani ni tako, ila wenyewe Sanjo hawasemi tako, wanasema ika, yaani ngisi, wakati huko kwenu upande wa Tokyo hilo tako linatamkwa sawa na pweza. Watoto wangu waliosoma Dar kabla ya kuja huku walicheka wiki nzima waliposikia hilo la tako.)

Nikuulize, umeikunja upinde? Hujataja popote uzi wa nyuma.

MamaNasri: Upinde upi kaka? Nimeiacha bapa, kwenye picha inaonekana bapa.

KakaSele_Niigata: Basi hapo ndipo penyewe. Picha zinapigwa kwa mbele upinde hauonekani. Ile mianzi miwili iliyolala kila mmoja unaufunga uzi kutoka ncha hadi ncha KWA NYUMA, unavuta mpaka mwanzi ujikunje kama upinde wa mshale, tumbo liangalie mbele kwenye upepo, ncha zirudi nyuma. Kwa upana wako wa sm 80 pima kutoka katikati ya mwanzi hadi kwenye uzi upate sm 8 mpaka 10, juu na chini sawasawa. Faida yake ni kwamba tiara ikilala upande wa kulia ubavu ule wa kulia ndo unapokea upepo mwingi zaidi unairudisha yenyewe, ndo maana haihitaji mkia. Ikiwa bapa hakuna cha kuirudisha. Usifunge fundo la moja kwa moja, weka la kufungua, ukifika nyumbani unalegeza unaikunja kama mkeka unaweka kabatini.

La pili ni hivyo vijiti vya nyanya. Ni vizima vya duara, vizito na kila kimoja kina ugumu wake. Tafuta mwanzi mmoja mnene upasue, mianzi yote miwili ya kulala itoke kwenye kipande kimoja, chonga kwa kisu upande wa ndani, ganda la nje usiliguse hilo ndo lenye nguvu. Ukimaliza shika katikati ukunje uangalie, upande unaokunjika kidogo ndo mgumu, ukwangue taratibu mpaka vifanane. Yako kuzunguka kulia kila mara nahisi ni hapo, au nyuzi za mbele hazilingani.

FundiMwanzi: Naongezea kwenye nyuzi za mbele maana wengi wanaharibu hapo. Ziwe nne, mbili mwanzi wa juu mbili wa chini, kushoto na kulia umbali ule ule toka katikati, zipite kwenye karatasi zifungwe kwenye mwanzi wenyewe siyo karatasi, na ziwe ndefu, kila moja isipungue urefu wa tiara. Zile mbili za kulia na kushoto zipimwe pamoja zikiwa zimevutwa, tofauti ya sm 1 tu tayari inakuelemea upande. Zote zikutane kwenye pete moja, ile unayofunga uzi wa kurushia. Ining'inize kwa pete, kichwa kiwe juu kidogo kuliko miguu. Upepo mkali sogeza pete juu sm 1, upepo mdogo shusha. Sm 1 siyo 5.

Karatasi usihangaike, shoji inatosha kabisa kwa mtoto. Ile karatasi ya Kijapani ya mkono wanayoita washi, ya nyuzi ndefu za mti wa kozo, ni tamu kweli, nyepesi na haichaniki hovyo, utengenezaji wake UNESCO waliuorodhesha mwaka 2014, lakini bei yake iache mpaka mkono uzoee.

Baharia wa Raskazone: Kumbe. Nimejifunza, mie nilijua tiara bila mkia ni karatasi tu. Na kuhusu uzi, ule wa vioo wanaotumia kukatana?

KakaSele_Niigata: Huo ni wa mji wa Nagasaki, kwenye tiara zao zinazoitwa "hata", uzi wanaupaka unga wa vioo. Mkononi mwa mtoto hapana kabisa, unakata nyama. Dada tumia uzi wa pamba au wa kushonea majeans, na Nasri avae glavu. Kaeni mbali na nyaya za umeme, na kama mpo jirani na uwanja wa ndege msirushe. Januari huko Saitama mnapata ule upepo mkavu wa kaskazini magharibi, nendeni asubuhi kabla haujawa mkali.

MamaNasri: Nimerudi wakuu. Mwanzi nimeupata kwa mzee jirani anayepanda nyuma ya nyumba yake, kanipasulia mwenyewe kwa panga dogo na kamwonyesha Nasri kukwangua, kumbe utotoni alikuwa akitengeneza. Upinde sm 9. Mara ya kwanza ikaelemea kushoto, nikapima nyuzi nikakuta moja imezidi kidogo, nikarekebisha, ya pili ikapanda na KUSIMAMA. Uzi wote wa mita 50 umeisha simba yuko juu anatuangalia. Nasri kashika mpaka vidole vimekufa ganzi na baridi hataki kunipa hata mimi. Ubavu mmoja umechanika kidogo wakati wa kutua, nimeubandika kipande, kesho tunarudi na yule mzee kasema anakuja na ya kwake.

FundiMwanzi: Picha dada, tuone huyo simba.