Naomba ushauri: ishara za kukatiza zinazopotea prosesa pepe inapolala

Ndugu wataalamu, ninaandika kerneli ndogo (sehemu kuu ya mfumo endeshi) inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu, kwenye prosesa za Intel, na kila prosesa pepe nimeipa uzi wake (thread, mfululizo wa maagizo unaopangiwa zamu yake ya kutekelezwa). Ishara ya kukatiza (interrupt, inayoitaka prosesa iache kazi kwa muda ili ishughulikie tukio) ikifika wakati mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, anaendelea kutekeleza maagizo, kerneli huiandika kwenye orodha ya zinazosubiri, kisha hukigutusha kiini cha prosesa kinachomwendesha mgeni huyo ili mgeni atoke na kuipokea. Hapo sina tatizo.

Shida iko pale mgeni anapotekeleza agizo la HLT, linaloisimamisha prosesa hadi ishara ya kukatiza ifike. Baada ya uzi kuikagua orodha na kuikuta tupu, lakini kabla haujalala, ishara mpya huweza kuingia katika mwanya huo mfupi, na uzi ukalala bila kuiona mpaka kipima muda kiuamshe. Nafahamu kwamba kerneli ya Linux hutangaza kwanza kuwa uzi unakwenda kulala, ndipo huikagua hali upya. Je, inatosha kufuata mpangilio huo pamoja na vizuizi vya kumbukumbu (memory barriers, vinavyolinda mpangilio wa kusoma na kuandika kumbukumbu) pande zote mbili, wa mtumaji na wa uzi unaolala, au ni lazima nishike kufuli (lock, linaloruhusu mmoja tu kwa wakati kugusa orodha)? Kufuli la kawaida nalihofia, kwa kuwa linaweza kumlaza anayelisubiri, na mtumaji mara nyingi yumo ndani ya msimbo wa kushughulikia ishara, ambako kulala hakuruhusiwi.