Bakuli lina chokaa kitakoni, ninunue au niliache?

MamaKauri:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Bagamoyo, nimepanga chumba cha mbele Mtaa wa India nifungue duka la kauri, za kale na za wasanii wa sasa. Za sasa hazinipi shida, nina wafinyanzi wawili wananiletea. Za kale nimeanza na sahani za marehemu bibi, zile tulizoandikiwa kombe, yaani aya za Kurani kwa zafarani, tukanywa maji yake tukiumwa.

Juzi kijana kaniletea bakuli zito, kijani cha maji ya bahari. Ndani lina maua yaliyochongwa chini ya ule mng'ao, huyaoni mpaka uliinamishe kwenye mwanga. Anataka laki tatu, anasema ni la ukoo wao. Ila kitakoni chokaa imeganda duara zima, na ukingo umemeguka kama uliotekuliwa kwa bisibisi. Roho inasita. Nifanyeje?

Mwana wa Tongoni:
Dada, usilinunue. Nimekulia huku Tanga, jirani na magofu ya Tongoni. Makaburi yale yana mashimo ya mviringo, matupu. Humo ndimo yalimopachikwa mabakuli ya Kichina kwa chokaa. Kila nikipita naumia. Bakuli la kulia wali linapata wapi chokaa kitakoni?

Fundi Chokaa:
Tusimhukumu kijana haraka. Hata kwenye nyumba za kale watu walipachika sahani ukutani, nyumba ikianguka mtu anabandua chake. Muulize nyumba ipi, mtaa gani, alikaa nani.

Bint Sheria:
Hata likiwa la nyumba yao, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na biashara yake inataka leseni. Kauri za kijani hicho zilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya hapo. Likikutwa dukani kwako, wa kuulizwa ni wewe.

Halafu zigeuze sahani za bibi. Ukikuta muhuri wa simba mwenye kichwa cha mtu na jina Petrus Regout, Maastricht, hizo ni za kiwandani Uholanzi. Zilijaa pwani nzima karne ya 19. Mwambie mteja hivyo hivyo, usimuuzie kwa jina la China. Na ukiziosha, maji ya vuguvugu na kitambaa laini tu, dawa ya madoa inakula dhahabu ya ukingoni.

MamaKauri:
Ahsanteni sana. Sahani nne zina huo muhuri, zimebaki mbili za maua ya buluu zisizo na kitu.

Kijana nimemuuliza. Kwanza kasema nyumba ya Magomeni, baadaye ikawa Dunda. Nikamwambia twende wote ofisi ya Mambo ya Kale, kakata simu. Bakuli bado analo. Picha za kile kitako ninazo, asubuhi nazipeleka kwa wahusika wa magofu ya Kaole, hapa jirani.