Mrejesho: ile lenzi ya kamera Helios 44-2 yenye kuvu

Wandugu, mimi ndiye niliuliza juu ya Helios iliyoota kuvu ndani na bledi za apecha (vibati vyembamba vya kufungua na kufunga tundu la mwanga) zikanata mafuta, hapa Kisumu na huu unyevu wa ziwa. Asanteni sana jameni. Aliyeniambia nipige picha na simu kabla ya kutoa kila skrubu, nizipange kwa trei ya mayai, umeniokoa kabisa, maana zinafanana lakini urefu si mmoja. Bledi zote 8 nimesafisha na petroli ya laita, zinafunguka vizuri. Kuvu imetoka ila imeacha alama kama utando wa buibui, imekula koti (tabaka nyembamba) ya kioo. Helikoidi (nyuzi za kuzungusha lenzi ili ifokasi) ndio niliachanisha bila kupiga picha mahali nyuzi zinaachana, kwa hivyo vitu vya karibu vinatoka sawa lakini vilima vya Nandi kule mbali bado havitoki wazi kwenye picha.