Tupeane uzoefu: taa ya breki haizimi, handbreki imeng'ang'ania

SpanaKumi
Wakuu, uzi huu ni wa wote waliowahi kuendesha huku ile taa nyekundu ya duara lenye alama ya mshangao ikiwakodolea macho, au walioshusha handbreki na gari likagoma kuondoka. Naanza mimi.

Gari langu lina diski mbele na dramu nyuma. Taa ilianza kwa kupepesa. Nikikata kona au nikifunga breki inawaka, barabara ikinyooka inazima. Kila niliyemuuliza alisema ni suichi ya handbreki. Nikafungua boneti kwanza, nikakuta kikopo cha mafuta ya breki kimeshuka hadi alama ya MIN. Ndani ya kikopo mna boya. Mafuta yakipungua boya linashuka na taa inawaka, na kwenye kona mafuta yanahamia upande mmoja, ndiyo maana ilikuwa inakuja na kuondoka.

Jirani akasema jaza tu. Sikujaza, kwa sababu mafuta ya breki hayaungui kama ya injini. Yakipungua, ujue yamekwenda mahali. Nilikagua mabomba na nyuma ya kila tairi, hakuna palipovuja. Kuvua tairi za mbele, pedi zimebaki karibu chuma kitupu. Kumbe pedi ikiisha, pistoni ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) inasogea nje zaidi, na nafasi inayobaki nyuma yake inajazwa na mafuta ya kikopo. Pistoni ziliporudishwa ndani ili pedi mpya ziingie, mafuta yakapanda yenyewe, taa ikazima bila kuongeza hata tone. Ningejaza yangefurika, na hayo mafuta yanakula rangi ya gari vibaya mno.

Haya, leteni zenu. Semeni kama nyuma mna diski au dramu, maana majibu hayafanani.

MamaJ
Yangu ni dramu nyuma. Nililiosha gari, nikaliegesha na handbreki juu, nikasafiri. Huku nyuma mvua ikanyesha mfululizo. Niliporudi, nikiweka gia gari linainama kwa nyuma kama linataka kukaa, haliendi. Kijana mmoja akaniambia nikanyage mafuta kwa nguvu litajing'oa. Nikakataa, nikamwita fundi. Akaeleza kwamba shuu (zile zinazosukuma dramu kwa ndani ili kufunga breki) zimegandana na dramu kwa kutu, na ukilazimisha unaweza kubandua ile bitana ya shuu ikabaki imekwama humo ndani. Akaliyumbayumbisha polepole mbele na nyuma, kisha akavua tairi na kugonga dramu kwa nyundo kuizunguka, katikati ya zile skrubu za tairi. Ikaachia kwa mlio mmoja mkubwa.

Siku hizi nikijua gari litakaa muda mrefu, naliacha pahali tambarare, kwenye gia, na vigingi kwenye tairi. Handbreki naishusha.

DerevaWaUsiku
Mimi niliichomoa balbu ya hiyo taa, nikalala usingizi.

SpanaKumi
Mkuu, taa hiyohiyo ya handbreki ndiyo itakayokuambia bomba limepasuka na mafuta yameisha. Irudishe.

TairiLaAkiba
Kwangu handbreki ilishuka vizuri na gari lilikuwa jepesi, ila taa haikuzima. Mafuta yalikuwa yamejaa. Nikagundua kitu: nikiukandamiza mkono wa handbreki chini kwa kiganja, taa inazima. Nikachomoa soketi ya suichi iliyo chini ya mkono ule, taa ikazima kabisa, basi nikajua tatizo liko hapo hapo. Kufungua ile ngozi ya kufunikia, nikakuta kifuniko cha kalamu ya mtoto kimekaa chini ya mkono, unashindwa kufika mwisho.

FundiMstaafu
Nimewasoma vizuri, vijana. Niongeze kidogo upande wa breki kushika kwa wenye diski nyuma, kwa sababu watu wengi hununua kalipa wakati tatizo ni waya.

Anza kwa kumjua mwizi ni tairi gani. Endesha mwendo mfupi bila kutumia breki sana, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu. Karibu, nimesema, usishike diski, itakuunguza. Tairi inayoshika itakuwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, na mara nyingi utasikia harufu kali.

Halafu weka vigingi tairi za mbele, piga jeki nyuma, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata siku moja), gia huru, handbreki chini. Zungusha tairi kwa mkono. Ikigoma, chomoa waya wa handbreki pale unaposhika kalipa. Tairi ikiachia, waya ndio unaoshikilia, umeoza ndani ya ala yake au umekazwa kupita kiasi. Ikiendelea kugoma, tazama ule mkono mdogo wa kwenye kalipa. Kama haurudi hadi kwenye kituo chake, kalipa imekufa upande wa handbreki.

Mkono umerudi na tairi bado nzito? Legeza nipo ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo ya kwenye kalipa. Mafuta yakichuruzika na tairi ikawa nyepesi ghafla, kuna presha imefungiwa. Hapo mshuku mpira wa breki, yaani ule mrija laini unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umevimba. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, ila hayana nguvu ya kurudi. Nimewahi kuona gari limefungwa kalipa mpya mara mbili, na ugonjwa ulikuwa mpira. Ukilegeza nipo na bado imeshika, basi ni pistoni yenye kutu au zile pini za kalipa kuteleza zimekauka grisi.

Na msiliendeshe hivyo mkisema "litazoea". DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu, na kiwango chake ikishanyonya ni 155. Tairi inayoshika njia nzima hufika huko, mafuta yanachemka, unakanyaga pedali inazama hadi chini.

Kimya_Kingi
Yangu ilikuwa taa ya breki na ya betri zinawaka pamoja. Nilihangaika na breki bure. Fundi umeme akapima betri injini ikinguruma, akapata volti 12 na inazidi kushuka, wakati ilitakiwa iwe kama 14. Alternata, ile inayochaji betri. Ilipotengenezwa taa zote mbili zikazima. Kuna magari yaliyoungwa waya hivyo.

MgeniKidogo
Jamani, na sisi ambao handbreki yetu ni kitufe?

DadaGereji
Hapo mpendwa, jeki na nyundo weka pembeni. Kwenye kalipa ya nyuma kuna mota, na mota haipendi betri dhaifu. Mteja mmoja aliniletea taa ya P inapepesa asubuhi tu, mchana haipo. Betri ilikuwa imechoka. Ilipobadilishwa, shida ikaisha. Kama unataka kubadilisha pedi, mota irudishwe kwanza kwa mashine ya kupimia gari au kwa utaratibu ulio kwenye kitabu cha gari. Ukisukuma pistoni kwa nguvu unavunja gia za ndani. Na taa nyekundu ikiwaka pamoja na ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukifunga breki), hapo mfumo wa kugawa breki mbele na nyuma nao unaweza kuwa umezima. Endesha taratibu, achia nafasi, nenda ukapimwe.

MamaJ
Shikamoo mzee FundiMstaafu. Waya wangu umeanza kuwa mzito. Nikimwagia oili ndani ya ala si utalainika?

FundiMstaafu
Marahaba mwanangu. Utalainika kidogo, halafu utarudi kulekule, kutu ikishaingia humo haitoki. Badilisha, na ukibadilisha wa kushoto fanya na wa kulia ili zivute sawa. Mwambie fundi wako arekebishe shuu kwanza kule kwenye dramu, waya aukaze mwisho. Akianza na waya, utatoka gereji handbreki inavuta vizuri na tairi zimeshika.