Tupeane uzoefu: usaili uliokuangusha au uliokupa kazi, watu wa Kusini

Wa Masasi
Wakuu, Jumanne nina usaili wa ukarani wa ghala la korosho, Mtwara mjini. Nimeshaanguka mara mbili. Ya kwanza nilitoka Masasi alfajiri ya siku hiyohiyo, basi likapata pancha kabla ya Mnazi Mmoja. Nafika saa tano, jina lilishaitwa. Ya pili nikalala kwa shangazi Chikongola, nikawahi. Wakasema "tueleze kuhusu wewe", nikaanzia darasa la kwanza. Nilipofika kwa wadogo zangu, mwenyekiti wa jopo akatazama saa. Na nyie?

Binti Mikindani
Pole kaka. Mimi sikufika hata kwenye maswali. Usaili wa serikali, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha kidato cha nne hakina. Tangazo lilieleza kabisa: majina yakitofautiana, uje na hati ya kisheria. Mimi nilisoma tarehe tu. Siku hizi tangazo nalisoma kama barua ya posa.

Mzee wa Mizani
Kazi hiyo naifanya msimu wa tatu. Waliniuliza: mzigo umepimwa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, ukifika kwako mzani unasoma pungufu, utafanyaje? Wenzangu walihubiri uadilifu. Mimi nikasema nahakikisha kwanza mzani umesimama sifuri, napima tena mbele ya mwakilishi wa chama, naandika vipimo vyote viwili, tunasaini, ndipo namwita msimamizi. Wakaingia kwenye unyevu. Nikawaambia korosho isiyokauka ikipokelewa itaota ukungu, na itanyauka hadi stakabadhi ya mzigo uliopokelewa isome kilo ambazo ghalani hazipo. Hilo sikulisoma popote, nimekua naanika korosho kwa bibi Nanyamba. Bwana mdogo, ya nyumbani yaseme, usiyaonee aibu.

Lindi Ndogo
Mimi mshahara. "Unataka kiasi gani?" Nikajibu wowote tu. Wakanipa wowote kweli.

Kijana wa Ruangwa
Mnazunguka tu, bila kujuana hupati.

Mzee wa Mizani
Mimi nilimjua nani? Ila sikubishii, yapo. Nawe uwe umejibu, akikunyima ajue amekunyima.

Wa Masasi
Asanteni. Jumatatu nashuka mapema, vyeti halisi nimeshaviweka kwenye bahasha. Sasa viatu, nina raba nyeusi tu.

Mzee wa Mizani
Zisugue, vaa. Ghalani kwetu vumbi halichagui mokasini.